Machozi ya Mbwa: Yamezidi au Yamekosa Njia?

Barua nyingi safari hii ni za mbwa wenye uso unaolowa machozi, na karibu kila aliyeandika anataka kujua kama ni jambo la kurithi. Nimechagua tano. Ya kwanza nitaijibu kwa kirefu kuliko nyingine, kwa sababu ukiielewa hiyo, zinazofuata hazitakusumbua.

Shikamoo Daktari. Nina mtoto wa mbwa, jike, aina ya Cocker Spaniel, miezi 4. Nilimchukua akiwa na wiki 8 na tangu siku hiyo jicho lake la kushoto halikauki. Machozi hushuka kando ya pua na manyoya ya hapo yamegeuka kahawia. Jicho lenyewe halina wekundu, hajikuni, anacheza na kula vizuri. Aliyeniuzia anasema ni vumbi, akikua yataisha. Nimetumia chupa nzima ya dawa ya matone ya antibayotiki, hakuna kilichobadilika. Juzi nimesikia kwamba mama yake naye alikuwa hivyo hivyo. Je, amerithi? Na inatibika?

Marahaba, mwanangu. Umeandika vizuri, maana umetaja mambo ambayo ningekuuliza kabla hata ya kumgusa mbwa: ni jicho moja, limeanza utotoni, na mbwa haonekani kuumia. Mbwa anayeumwa jicho hulifinya, hulisugua kwa mguu wa mbele au kwenye zulia, na hukwepa mwanga. Wako anacheza. Kwa hiyo kabla sijalishuku jicho lenyewe, naishuku njia ya machozi.

Jicho la mbwa huloweshwa saa zote, kama letu. Kuna tezi juu ya jicho upande wa nje, na nyingine kwenye kope ya tatu, ule utando unaochungulia kwenye pembe ya ndani. Mbwa akipepesa, machozi husambaa juu ya konea, yaani kile kioo cha mbele ya jicho, halafu husukumwa kuelekea pembe iliyo upande wa pua. Hapo yanapaswa kukuta matundu mawili, moja kwenye kope ya juu, jingine kwenye kope ya chini. Kila tundu lina kijifereji chake. Vijifereji hivyo hukutana, na kuanzia hapo mfereji mmoja hupenya ndani ya mfupa wa uso mpaka puani. Jicho la mbwa wako, nikiamini ulichoniandikia, ni beseni lisilo na tundu la kutolea maji: bomba ni zima, linatiririsha kiasi kile kile cha siku zote, ila maji hayana pa kwenda isipokuwa kumwagika ukingoni. Dawa ya antibayotiki haiwezi kusaidia hapo. Inaua bakteria, haitoboi utando uliofunika tundu.

Fanya hivi. Mketishe mbwa karibu na dirisha lenye mwanga, mtu mwingine amshike kichwa. Kwa kidole gumba vuta taratibu kope ya chini karibu na pembe ya pua, mpaka ukingo wake wa ndani ugeuke kidogo ukutazame. Anza na jicho zima, la kulia. Milimita chache kutoka kwenye pembe utaona kitobo kilichorefuka kidogo, kisichofika milimita 1 kwa upana, mara nyingi mdomo wake una rangi iliyotofautiana na nyama ya waridi inayokizunguka. Ukishakijua, hamia jicho la kushoto, mahali pale pale. Ikiwa unaona nyama laini tupu, bila kitobo wala alama, umeshapata jibu kubwa. Tafadhali ishia kwenye kutazama. Sindano, njiti, kijiti cha pamba, vyote viache kabatini. Kope ya mtoto wa mbwa ni nyororo, na kovu likijengeka pale, kazi ya daktari inakuwa ngumu maradufu.

Katika kasoro za kuzaliwa za njia ya machozi, tundu la chini lililofunikwa ndilo ninalokutana nalo mara nyingi. Mfereji ulio chini yake mara nyingi umeumbika vizuri, ila utando mwembamba uliopaswa kuachia njia wakati jicho linajiumba umebaki palepale. Mbwa wengine wana tundu, lakini jembamba mno hata machozi hayapiti vya kutosha. Wachache, na hao ndio wenye kesi ngumu, mfereji wenyewe haukuumbika sehemu fulani. Cocker Spaniel ni miongoni mwa aina zinazotajwa sana kwa tatizo hili, pamoja na Golden Retriever, Poodle, Bedlington Terrier na Samoyed. Hapo, pamoja na habari ya mama yake, ndipo ninapokujibu swali lako la kwanza: ndiyo, kwa kila dalili uliyonipa, hili amezaliwa nalo, na lina harufu ya ukoo. Vumbi halichagui jicho moja likaliandama tangu wiki ya 8.

Ukifika kwa daktari wa mifugo, utamwona akianza na kijikaratasi. Hukichomeka ndani ya kope ya chini kwa dakika 1, kisha husoma machozi yamepanda milimita ngapi. Milimita 15 na kuendelea ni kawaida; chini ya 10 ni jicho kavu. Huenda ukashangaa kwa nini apime ukavu kwenye jicho linalomwagika. Sababu ni kwamba jicho kavu hutoa ute mzito ambao wenye mbwa wengi huuona wakadhani ni machozi, na tiba yake ni nyingine kabisa. Kipimo hiki hufanywa kwanza, kabla ya tone lolote la dawa kuingia, la sivyo kitadanganya.

Kinachofuata ni rangi ya fluoresini. Naipenda rangi hii kwa sababu hufanya kazi mbili kwa tone moja. Kwanza hung'ang'ania mahali konea ilipochubuka, kwa hiyo kidonda ambacho jicho la kawaida halikioni huwaka kijani chini ya taa ya bluu. Pili, husafiri na machozi. Daktari huweka rangi macho yote mawili, huwasha taa ya bluu, na kutazama matundu ya pua. Upande ulio wazi huonesha kijani kwa kawaida ndani ya dakika 5 hadi 10. Upande wa kushoto wa mbwa wako natarajia ubaki mkavu huku kijani kikishuka shavuni. Lakini mwombe daktari amfunue mdomo pia. Mbwa wengi, hasa wa pua fupi, wana mlango mwingine wa mfereji huo ndani zaidi, usawa wa mzizi wa chonge la juu, na machozi huishia nyuma ya pua na kooni. Nimeshamwona mbwa ambaye pua yake ilikuwa safi kabisa na shina la ulimi ni kijani kitupu. Huyo njia yake ilikuwa wazi, na tatizo lake lilikuwa kwingine.

Tiba yenyewe ni kazi ndogo yenye kutaka mkono uliotulia. Kwa mtoto wa mbwa mchangamfu wengi wetu hupendelea nusu kaputi, maana akitikisa kichwa wakati mkasi uko kwenye kope, hakuna wa kulaumiwa ila wewe uliyemwamini. Daktari hupitisha kijimrija laini kwenye tundu la juu, ambalo mara nyingi liko wazi, kisha husukuma taratibu maji ya chumvi ya hospitali. Maji yakikosa pa kutokea kwenye kope ya chini, utando huumuka kijipovu. Hapo ndipo mahali penyewe pa kukata. Huushika utando kwa kibanio chembamba, hukata kipande kidogo, na maji huruka nje. Halafu huendelea kusukuma mpaka yatoke puani, kwa sababu haina maana kufungua mlango kama ukumbi wa mbele umeziba. Nikiona maji yanadondoka puani, mimi mwenyewe hupumua vizuri.

Hatari iliyobaki ni kidonda kupona kupita kiasi na kuziba tena. Ndiyo maana utapewa matone yenye antibayotiki na steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe, kwa siku kadhaa, baada ya daktari kuhakikisha kwa ile rangi kwamba konea haina kidonda. Weka kwa saa ulizoambiwa, usipunguze kwa kuwa jicho linaonekana zuri. Mbwa avae kola ya shingoni asijisugue. Pale ambapo tundu lilikuwa finyu mno au limewahi kuziba tena, daktari huacha uzi wa plastiki au mrija mwembamba ndani ya mfereji kwa wiki kadhaa, ukiwa umeshonwa usichomoke, ili njia ipone ikiwa imezunguka kitu.

Kungoja akue hakutauondoa utando. Haitamuua, hilo nikutoe wasiwasi, lakini ngozi inayolowa mchana na usiku huvimba, hunuka na hushikwa na bakteria, na machozi yaliyotuama kwenye mfereji yanaweza kugeuka usaha. Miezi 4 ni umri mzuri wa kufanya jambo hili. Na mwandikie aliyekuuzia. Mwambie ulichoambiwa na daktari, jicho lipi, tundu lipi. Si kwa ugomvi. Yule mama bado anaweza kuwa anazaa.

Dokta, habari za kazi. Nina Maltese mweupe, miaka 3. Macho yote mawili yana michirizi ya kahawia mpaka karibu na mdomo, nasikia aibu kutoka naye. Nimeona inatangazwa poda ya kuchanganya kwenye chakula chake, wanasema madoa huisha ndani ya wiki chache. Niinunue? Rafiki yangu naye anasema wapo madaktari wanaokata tezi ya machozi na mambo yanaisha.

Ndugu yangu, usinunue kitu chochote cha kumlisha mbwa mpaka umesoma kilichomo ndani yake. Rangi hiyo ya kahawia haitokani na uchafu. Machozi na mate ya mbwa yana porfirini, kemikali ambayo mwili huitumia kutengeneza rangi nyekundu ya damu, na ikikaa kwenye manyoya ikapigwa na mwanga hugeuka rangi ya kutu. Ndiyo maana mbwa mweupe anayelamba mguu wake kila siku huwa na mguu wa kahawia pia. Mbwa mweusi ana porfirini hiyo hiyo, ila haonekani.

Baadhi ya poda hizo zimekutwa na tailosini, ambayo ni antibayotiki. Mwaka 2014 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliwaandikia watengenezaji wake barua za onyo, kwa kuwa dawa hiyo haijaidhinishwa kwa mbwa wala paka, wala kwa kuondoa madoa ya machozi. Kumlisha mbwa antibayotiki kila siku, miezi na miezi, kwa sababu ya rangi ya manyoya, ni jambo ambalo nalipinga kwa moyo wangu wote. Unafundisha bakteria kuizoea dawa, na siku mbwa wako au wewe mwenyewe mtakapoihitaji dawa ya jamii hiyo, haitafanya kazi. Maji ya kupausha nywele nayo usiyasogeze karibu na jicho. Tone moja kwenye konea ni kidonda.

Kuhusu kukata tezi: kuna wakati madaktari walikuwa wakikata sehemu ya tezi ya kope ya tatu ili kupunguza machozi. Tezi hiyo huchangia theluthi moja au zaidi ya machozi yote. Ukiitoa, unaweza kumaliza michirizi na kumpa mbwa jicho kavu la maisha, lenye maumivu, linalohitaji dawa kila siku. Kataa.

Sasa mbwa wako ana nini? Kwa Maltese, Shih Tzu, Pug, Pekingese na jamaa zao, mara nyingi tundu lipo, ila umbo la uso ndilo linaloharibu. Jicho limetokeza, kope imelibana, hivyo hakuna nafasi ya machozi kujikusanya pembeni. Kope ya chini upande wa pua hujikunja kidogo kwa ndani na kulifinya tundu. Nywele zilizoota kwenye kinyama cha pembeni mwa jicho huchovya kwenye machozi na kuyavuta nje, mchana kutwa. Mfereji nao hupinda kwa sababu uso umefupishwa. Yote hayo hurithiwa, ila hayaji kama kasoro moja ya kukata na kuisha. Yamo ndani ya sura ile ile iliyotufanya tumpende. Daktari anaweza kurekebisha kope iliyojikunja au kuziua nywele zinazogusa jicho, na pale zinapochoma konea ni lazima afanye hivyo. Ikiwa jicho ni zima na kinachokusumbua ni rangi tu, mimi singemlaza mezani.

Mfute kila asubuhi na jioni kwa kitambaa laini au pamba ya bandeji iliyoloweshwa kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, halafu, na hapa ndipo wengi huishia njiani, mkaushe kabisa. Punguza manyoya ya pembeni mwa jicho kwa mkasi wenye ncha butu, mwenzio akimshika kichwa. Na usione aibu kutoka naye.

Shikamoo Daktari. Mimi ni mwanafunzi wa darasa la sita. Mbwa wetu Tomi hutoka machozi mama akienda kazini. Je, analia kwa huzuni kama sisi?

Marahaba, mjukuu wangu. Mbwa huhuzunika, na anaweza kupiga kelele au kukaa mlangoni akisubiri, lakini huzuni haimtiririshi machozi mashavuni kama sisi. Kuna jambo zuri hata hivyo. Mwaka 2022 watafiti wa Japani walipima machozi ya mbwa kwa kile kijikaratasi nilichokieleza kwenye barua ya kwanza, wakakuta machozi yanaongezeka mbwa anapokutana tena na mwenye kumfuga baada ya kuachana kwa saa kadhaa. Alipokutana na mtu mwingine anayemfahamu, hayakuongezeka hivyo. Ni machozi ya furaha, na hubaki ndani ya jicho, hayadondoki.

Kwa hiyo ukiona ya Tomi yanadondoka, mwambie mama amtazame hata siku ambazo hatoki. Nina hakika yatakuwepo. Mpelekeni akaangaliwe macho.

Daktari, pole na kazi. Mimi hufuga Golden Retriever. Jike langu alizaliwa na matundu ya chini yamefunga macho yote mawili. Alifunguliwa akiwa na miezi 6, sasa ana miaka 2, macho makavu kabisa, mbwa mzuri na mpole kuliko wote niliowahi kuwa nao. Watu wameshaweka oda ya watoto wake. Kwa kuwa ametibiwa na amepona, naweza kumpandisha?

Kaka, asante kwa kuuliza kabla. Jibu langu ni hapana, na naomba unisikilize mpaka mwisho kwa sababu najua umempenda na umegharamika.

Mkasi ulifika kwenye kope. Haukufika kwenye mayai yake. Kila mtoto atakayemzaa atapokea nusu ya jeni zake kutoka kwa mama aliyezaliwa amefunga, na kwenye jeni hizo daktari hakugusa kitu. Kinachonitia uchungu kuhusu upasuaji huu mzuri ni kwamba unafuta ushahidi. Miaka 2 baadaye mnunuzi anamwona mama mwenye macho makavu, anasema ukoo huu ni safi, na watoto wanaondoka nyumbani wakiwa wamebeba kitu ambacho hakuna aliyekitaja.

Kuna upande wa pili ambao wafugaji wazoefu pia huusahau. Tundu la chini likifunga, machozi humwagika na kila mtu anaona. Tundu la juu likifunga huku la chini likiwa wazi, mara nyingi hakuna dalili yoyote. Mbwa huyo ataishi maisha yake yote uso mkavu, atasifiwa, atapandishwa, ilhali amezaliwa na kasoro ile ile. Kwa hiyo dume unayemfikiria usiridhike kwa kuutazama uso wake. Apelekwe kwa daktari mwenye vifaa vya kukuza, atazamwe matundu yote manne, na yasafishwe kwa maji ikiwa kuna shaka. Marekani, madaktari bingwa wa macho ya wanyama huandika tundu lililofunga miongoni mwa mambo wanayoyakagua kwa mbwa wa kuzalisha, na cheti cha ukaguzi huo huhesabika kwa miezi 12 tu, kwa kuwa magonjwa mengine ya macho hujitokeza ukubwani. Hata pasipo na mpango kama huo, kumfanyia mbwa ukaguzi kila mwaka kabla ya kumpandisha ni jambo linalowezekana popote penye daktari mwenye taa nzuri.

Najua utaniambia: hii si kasoro ya kuua, inafunguliwa kwa mkasi, mbwa anaishi vizuri. Ni kweli. Ingekuwa uzao wa mbwa adimu waliobaki wachache, tungekaa tukapima uzito wa mambo. Golden Retriever wapo wengi duniani, na wenye macho mazima hawakosekani. Kwa nini mtoto wa mbwa alazwe nusu kaputi kwa jambo ambalo wewe ungeweza kulizuia kwa kuchagua jike mwingine? Na si kila mmoja ataangukia kwa mwenye uwezo wa kumtibu. Wengine wataangukia kwa mtu atakayemwekea matone yasiyosaidia mwaka mzima.

Ndugu zake wa tumbo moja wako wapi? Hao nao watazamwe, hasa walioko kwa wafugaji wenzako. Wazazi wake wote wawili pia, hata kama hawakutoka chozi. Mzazi asiye na dalili anaweza kubeba na kupitisha. Fungua daftari: tarehe, mbwa yupi, jicho lipi, tundu la juu au la chini, nani alimzaa. Daftari la namna hiyo likitunzwa vizazi vitatu lina faida kuliko mnunuzi kumtazama mbwa kwa macho na kumsifu.

Ikitokea ameshashika mimba kabla barua hii haijakufikia, usihangaike. Atazaa salama. Watoto hufungua macho kati ya siku ya 10 na ya 14, lakini matundu hutazamwa vizuri zaidi wakiwa na wiki 6 hadi 8. Wapeleke wote kabla hata mmoja hajaondoka, na kila mnunuzi apewe maandishi ya alichokiona daktari, pamoja na habari ya mama yao. Atakayerudisha oda yake, mrudishie fedha. Na yeye, huyo mpole wako, mfunge kizazi umbakize nyumbani.

Habari Daktari. Mbwa wangu dume, chotara, ana miaka 7 na hajawahi kuumwa macho. Wiki iliyopita jicho la kulia lilianza kutoa machozi, sasa linatoa tongotongo nzito za njano. Nikibonyeza chini ya pembe ya jicho, usaha unatoka. Je, ni ile kasoro ya kurithi? Nina matone yaliyobaki ya mbwa wangu mwingine, yameandikwa deksamethasoni. Nimwekee?

Usimwekee. Deksamethasoni ni steroidi, na ikiwa nyuma ya usaha huo konea imechubuka, steroidi itakizuia kidonda kupona na kinaweza kuchimbika mpaka jicho likatoboka. Hakuna mtu anayeweza kukuambia kama kidonda kipo bila kuweka ile rangi ya kijani.

Kasoro ya kuzaliwa haikai kimya miaka 7 halafu ikajitokeza ndani ya wiki moja. Usaha unaotoka ukibonyeza pale ni dalili ya maambukizi ndani ya mfereji wa machozi, na kwa mbwa wa umri wake lazima kuwe na kilichoyaanzisha. Mbegu ya majani yenye miiba iliyoingia kupitia tundu ni mtuhumiwa wa kwanza. Mzizi wa jino la juu uliooza ni wa pili, kwa hiyo daktari asipomtazama meno, mkumbushe. Uvimbe ndani ya pua nao upo kwenye orodha, ingawa siuweki mbele. Atasafisha mfereji kwa maji, pengine kitu kitatoka pamoja na usaha na mambo yataishia hapo. Isipotosha atapiga picha ya mionzi, na huenda akaacha mrija ndani kwa wiki kadhaa.

Jicho likiwa limefinywa, limeingia ukungu wa bluu au weupe, limevimba kuliko jingine, au mbwa anagongana na vitu, nenda leo hii, usisubiri kesho. Presha ya jicho hupanda na kuharibu uwezo wa kuona ndani ya saa chache. Kama hakuna hayo, kesho asubuhi inatosha, ila usimsafishe usaha wote kabla ya kutoka nyumbani. Daktari atataka kuchukua kidogo apeleke maabara, ajue ni bakteria gani na dawa ipi itawaweza.